Judo: jinsi ya kukua wewe mwenyewe bila kuwaacha wenzako mkekani

Watu wengi wanaingia judo wakiamini ni mchezo wa mtu mmoja, na ukiangalia mashindano ni kweli, mnaingia wawili mkekani, mwamuzi anasema hajime, yaani anza, dakika 4, anashinda mmoja na medali inavaliwa na shingo moja. Ila ukikaa dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, miezi kadhaa unagundua kwamba huwezi kujifunza hata mtupo mmoja ukiwa peke yako. Mtu wa karate anaweza kupiga kata, ule mfululizo wa mbinu uliopangwa, nyumbani kwao, bondia ana begi lake, sisi tunahitaji mwili wa binadamu mwenye uzito na akili zake ambaye anakubali umwangushe leo, kesho na wiki ijayo, afu na yeye akuangushe. Kwa hiyo ukiniuliza "nijijenge mimi kwanza au nisaidie klabu?" nakwambia hayo mambo hayatenganishwi hivo. Yanapangwa. Kuna muda wa kwako peke yako, kuna muda ambao mwili wako ni wa mwenzako, na tabu inaanza pale mtu anapochukua muda wa mwenzake kila siku halafu anashangaa kwanini watu wanamkwepa.

Nitaeleza jinsi ya kulipanga hili kuanzia mkanda mweupe, yaani anayeanza, hadi anayejiandaa na mashindano. Mifano mingi itatoka judo maana ndo ninayoijua, ila mtu wa jujitsu ya Kibrazili, wa mieleka au hata wa karate atachukua anachokiweza.

Mwenye mchezo alikua anawaza nini

Kano Jigoro, Mjapani aliyeanzisha judo, alifungua shule yake ya Kodokan mwaka 1882, Tokyo, kwenye hekalu la Eishoji, chumba cha mikeka 12 na wanafunzi wachache. Kabla ya hapo alikua mwanafunzi wa jujutsu, na kwenye ile dojo alikuwepo mwenzake anaitwa Fukushima, mtu mzito kweli kweli, Kano mwenyewe alikua na mwili mdogo na kila wakishikana anashindwa. Akajaribu mbinu za sumo, zikagoma. Akaenda kusoma vitabu maktaba, akatafuta mpaka akapata wazo la kumbeba mtu mabegani na kumtupa, ule mtupo tunaouita kata guruma, akaufanyia kazi na wenzake, na siku ikafika Fukushima akaenda chini.

Ile kazi ya kusoma na kuwaza aliifanya peke yake, hakuna aliyemtuma. Lakini bila Fukushima asingekua na sababu ya kwenda maktaba, na bila wale wenzake waliokubali kubebwa mabegani mara nyingi huo mtupo ungebaki kwenye karatasi. (Siku hizi kata guruma ya kushika mguu kwa mkono hairuhusiwi kwenye mashindano ya IJF, shirikisho la judo la dunia, sheria zilianza kubana mwaka 2010 zikafunga kabisa 2013, ila kwenye kata bado ipo na inafaa kuijua.)

Mwaka 1922 Kano akaweka wazi kanuni zake mbili, seiryoku zenyo na jita kyoei, yaani tumia nguvu zako kwa namna inayofaa zaidi, na wewe na mwenzako mnufaike kwa pamoja. Ya kwanza kila mtu anaipenda maana inahusu kumtupa mtu mkubwa bila kutumia nguvu nyingi. Ya pili tunainamia pale mlangoni afu tunaiacha hapo hapo mlangoni, na klabu nyingi zinakufa kwa sababu hiyo.

Anza na kuanguka

Ukemi, yaani kuanguka vizuri, ndo mchango wako wa kwanza kwa klabu na ndo ulinzi wako wa kwanza. Mtu asiyejua kuanguka anakuwa mgumu, anajikaza, anapeleka mkono chini kujizuia, na mwenzake anayejifunza anaogopa kumalizia mtupo. Sasa hapo wote wawili mmekwama. Ukiona wiki ya tatu bado unaogopa kuanguka kwa nyuma mwambie sensei, yaani mwalimu, usione aibu, rudi kuchuchumaa chini uanze upya, kidevu kifuani, mkono unapiga mkeka ukiwa umenyooka, unatoa pumzi. Fanya nyumbani hata kwenye godoro. Siku unapoanguka bila woga watu wataanza kukuita wewe wakifanya mazoezi, na anayeitwa sana ndo anayejifunza sana, maana unausikia mtupo kutoka ndani, unajua ulivunjwa mizani wapi.

Kuwa mtupwaji mzuri, hapa ndo kazi ilipo

Kwa Kijapani tori ndo anayetupa, uke ndo anayetupwa. Watu wakiwa uke wanapumzika, macho dari, wanasubiri zamu yao. Huo ni upotevu wa nusu nzima ya mazoezi. Kama kwenye uchikomi, yaani kurudia kuingia mtupo bila kuumalizia, mnapeana kumi kumi basi nusu ya muda wako mkekani wewe ni uke, huwezi kuitupa tu hivo.

Uke mzuri anasimama kwa mkao wa kweli, hajiachii kama gunia na pia hajikazi. Anampa mwenzake kiasi cha upinzani anachoweza kukishinda kwa mbinu sahihi na asichoweza kukishinda kwa kuvuta tu. Mkanda mweupe unampa kidogo sana, unamruhusu aingie. Mkanda wa kahawia unambana mpaka atafute kuzushi, yaani avunje mizani yako kwanza kabla ya kuingiza nyonga. Hiki kipimo hakiandikwi popote, unakipata kwa kumsikiliza mwenzako kwa mikono, na ukishakijua na wewe unakuwa hatari kwenye randori, yaani mazoezi ya kupambana, maana umezoea kuhisi mtu anataka kwenda wapi kabla hajaenda.

Kuna kitu napendekeza kila klabu ijaribu. Baada ya kila kumi, uke aseme neno moja tu. "Mkono." "Mapema." "Mbali." Basi, asitoe hotuba. Tori anajua mkono wake wa kuvuta umelala, anarekebisha kumi inayofuata. Ukianza kumweleza mtu dakika tano nzima mwili unapoa na yeye anachanganyikiwa, na ukikaa kimya kabisa anarudia kosa lile lile mpaka linakuwa tabia.

Na jamani usimharibu mwenzako. Mwaka 1980 Mjapani Yamashita Yasuhiro alivunjika mguu kwenye mashindano Japani baada ya mpinzani kumfanyia kani basami, ule mtupo wa mkasi wa miguu, na mtupo wenyewe baadaye ukapigwa marufuku. Yamashita alipona akachukua dhahabu ya Olimpiki Los Angeles 1984, ila yeye alikua na hospitali na timu nzima nyuma yake. Sisi huku mtu akivunjika goti anarudi kwao, anashindwa kwenda kazini, na wewe umepoteza patna wa uzito wako ambaye pengine hakuna mwingine mtaa mzima. Mtu akigonga mara mbili kuonyesha ameshindwa, unaachia. Akipiga kelele unaachia. Ukiona anakaribia kuanguka vibaya mshike mkono wake wa juu umvute, hata kama mtupo utaonekana mbaya.

Kupanga saa moja na nusu

Klabu nyingi za kwetu zina mikeka michache na watu wengi, ukumbi wa shule au wa kanisa, joto, na baada ya saa moja na nusu mlinzi anataka kufunga. Kwa hali hiyo mimi ningegawa hivi: robo saa ya kwanza kupasha misuli na kuanguka, wote pamoja, hapa hakuna mtu binafsi. Inayofuata kama dakika 20 za uchikomi na kutupa, na hapa kila mtu aje na mtupo WAKE anaoufanyia kazi mwezi huo, mmoja tu, aliouchagua pamoja na sensei. Huo ndo muda wako binafsi ndani ya mazoezi ya pamoja, wala hauhitaji kuomba ruhusa. Halafu sensei anafundisha kitu kimoja kwa wote, hata kama wewe unakijua, na kama unakijua unapewa mgeni umsaidie. Nusu saa randori. Zilizobaki kunyoosha viungo, kukunja mikeka, kuulizana.

Mikeka ikiwa haitoshi fanyeni ya watu watatu. Mmoja anaingia, mmoja anaingiwa, wa tatu anashika mkanda wa uke kwa nyuma ili asianguke. Tori anaingia kwa nguvu zake zote bila kumwangusha mtu kwa hiyo eneo dogo linatosha, na yule wa tatu anaona kwa ukaribu nyonga imeingia au imebaki nje. Kwa klabu yenye nafasi finyu sijaona zoezi linalolipa kama hili.

Kazi ya nyumbani ni yako

Pumzi, nguvu za mshiko, unyumbufu, haya usije kuyafanyia kwenye muda wa wenzako. Ukija mazoezini umechoka baada ya raundi moja, patna wako ndo anayelipa. Kimbia asubuhi, ruka kamba. Tafuta tyubu ya zamani ya baiskeli, ifunge kwenye nguzo au mti uliosimama vizuri, shika ncha mbili na ufanye uchikomi pale, mia asubuhi mia jioni, wachezaji wakubwa duniani wanatumia mpira wa namna hiyo hiyo. Ning'iniza koti la zamani la judo kwenye tawi ujivute juu ukiwa umeshika kola, mikono itaelewa.

Uwe na daftari pia. Baada ya mazoezi andika nini kilikubali, nini kiligoma, na uongeze sentensi moja kuhusu mtu uliyefanya naye, labda "anategemea sana mkono wa kulia" au "anaogopa kwenda chini". Ukimwambia wiki ijayo umempa kitu ambacho asingekiona mwenyewe. Na ukiona watu watatu tofauti wanakuangusha kwa mguu ule ule, hapo hamna cha bahati mbaya, una kazi ya mwezi mzima hapo.

Randori: unamchagua nani

Randori ni mazoezi, mashindano yana siku yake. Anayehesabu amewaangusha wangapi Jumanne jioni anajidanganya, maana ili usianguke njia rahisi ni kujikunja, kunyoosha mikono na kukataa kushambulia, na hapo hukui wewe wala hakui mwenzako.

Kama mnapiga raundi tano, jipangie. Mbili nenda na waliokuzidi, wale ambao mwenyewe ungependa kuwakwepa. Moja au mbili na wa levo yako, hapo mnapigana kweli. Na moja na aliye chini yako, ila kwa masharti: mtupo wako unaoupenda marufuku. Kama wewe ni mtu wa seoi nage, mtupo wa kumbeba mtu mgongoni, basi na mdogo utafanya miguu tu, au utashika kwa kushoto. Yeye anapata nafasi ya kupumua na kujaribu, wewe unajenga upande wako mbovu ambao huwezi kuujenga na mtu mkali kwa sababu atakutupa kabla hujafikiria. Hii naiamini kuliko ushauri wote niliotoa humu. Mkanda mweusi anayewatupa watoto wa mkanda wa njano kwa mtupo wake bora jioni nzima anatoka jasho tu, hajaongeza kitu.

Kingine, jaribuni kufumba macho. Judo ya wasioona kwenye Paralimpiki inaanza mkiwa tayari mmeshikana, na hata mtu anayeona akifumba macho akaanza na mshiko anajifunza kusikia uzito unavyohama. Fanyeni taratibu, mtu wa tatu aangalie msigonge ukuta.

Mkiwa wawili uzito mmoja

Hili ndo linaumiza klabu zaidi. Mko wawili wa kilo 66, marafiki, mnalala nyumba moja pengine, na nafasi ya kwenda mashindano ni moja. Watu wanaanza kufichana. Mmoja anaacha kufanya mtupo wake mpya mbele ya mwenzie, wanakwepana kwenye randori, na waliobaki klabuni wanaanza kuchagua upande.

Angalia Japani. Abe Hifumi na Maruyama Joshiro walikua uzito huo huo wa 66, nafasi ya Olimpiki ya Tokyo ikiwa moja, wakapangiwa pambano moja la kuamua tarehe 13 Desemba 2020 pale pale Kodokan. Lilichukua dakika 24. Abe akashinda, akaenda kuchukua dhahabu mwaka 2021, na Maruyama mwaka huo huo akachukua ubingwa wa dunia. Hawakua marafiki wa kukaa pamoja, wala sisemi lazima muwe, ila kila mmoja alinolewa na uwepo wa mwingine mpaka wote wakafika juu kabisa.

Kwa hiyo mkiwa wawili uzito mmoja kubalianeni mapema, mbele ya sensei, nafasi itaamuliwaje: pambano, pointi za msimu, au uamuzi wa kocha, lakini ijulikane kabla. Ikishajulikana endeleeni kushikana kila wiki. Mtupo unaouficha hauivi, maana haujakutana na mtu anayeujua na kuuzuia, na siku ya mashindano mpinzani akiuzuia hutakuwa na jibu. Anayekosa nafasi awe patna mkuu wa anayeenda, aigize mshiko wa mpinzani, kama mpinzani ni wa kushoto na yeye ashike kushoto. Na anayeenda asirudi na medali akasema "nilipambana peke yangu". Mtaje mwenzako kwa jina, mbele ya watu.

Fikirieni mapambano ya timu

Tangu Olimpiki ya Tokyo kuna pambano la timu mchanganyiko, watu sita, wanawake watatu kilo 57, 70 na zaidi ya 70, wanaume watatu kilo 73, 90 na zaidi ya 90, wa kwanza kufikisha ushindi wa nne anachukua. Paris, tarehe 3 Agosti 2024, fainali ilikua Ufaransa na Japani. Japani wakaongoza 3 kwa 1. Ufaransa wakarudi. Joan-Benjamin Gaba akamwangusha Abe Hifumi, bingwa wa Olimpiki wa kilo 66 aliyepanda kupigana kwenye uzito wa juu kwa ajili ya timu yake, Clarisse Agbégnénou naye akashinda lake, ikawa 3 kwa 3, gurudumu likazungushwa kuchagua uzito wa mwisho likaangukia wazito, Teddy Riner akamaliza kazi dhidi ya Saito Tatsuru. Watu wanamkumbuka Riner, lakini bila Gaba, na bila Agbégnénou, Riner asingepata nafasi ya kurudi mkekani.

Kuna kitu hapo kwa klabu zetu. Ukitaka timu ya namna hiyo huwezi kuwaweka wasichana wawili kwenye kona wafanye mazoezi wao kwa wao mwaka mzima. Nusu ya pointi iko kwao. Msichana wa kilo 57 anahitaji randori na kijana wa kilo 60 anayejua kupunguza nguvu na kuongeza mbinu, na huyo kijana ataboreka maana hawezi kutegemea mabavu. Sensei aliweke hili wazi kuanzia siku ya kwanza, heshima ya kushikana, nani na nani, mzazi akija kuangalia anaona utaratibu. Kama dada hataki kushikana na mwanaume fulani aseme na asiulizwe maswali, atapangiwa mwingine.

Hata bila mashindano rasmi fanyeni ya ndani kila baada ya miezi michache, gaweni klabu timu mbili zilizochanganya mikanda yote, mkanda mweupe naye ana pointi yake. Utaona mikanda ya juu inavyoanza ghafla kuwafundisha wadogo wiki mbili kabla.

Klabu ikiwa ndogo

Mkiwa wanne tu, uzito tofauti, mtu wa kilo 90 na wa kilo 55, bado inawezekana. Ongezeni muda wa kupambana chini, yaani newaza, na mzito aanze chini mgongoni kila raundi. Kwenye kusimama fanyeni ya zamu, mmoja anashambulia mwingine anajilinda kwa kusogea tu bila kukaza mikono, afu mnabadilishana.

Halafu tokeni. Tafuteni dojo nyingine mjini au mji wa jirani mfanye mazoezi ya pamoja hata mara moja kwa mwezi. Zanzibar judo ina mizizi ya miaka mingi tangu Mjapani Tsuyoshi Shimaoka alipoanza kufundisha pale, na wa Dar boti ipo kila siku. Tanzania tulikua na Andrew Thomas Mlugu kwenye judo Paris 2024, kilo 73, kwa hiyo watu wa kushikana nao wapo. Mkienda ugenini msiende kuonyesha ubabe. Sensei wenu apige simu kwa sensei wao kabla, fikeni mapema msaidie kupanga mikeka, mkanda wako uwe msafi, kucha fupi, na raundi ya kwanza omba kwa mtu wa uzito wako anayeijua ile dojo, akuonyeshe wanavyofanya. Ukirudi nyumbani, kitu ulichojifunza kule kifundishe wiki hiyo hiyo kabla hakijatoka mwilini.